Meno ya Mbele ya Bi Mwanapili

Jumatatu, 5 Machi 1956

Nimerudi nyumbani kichwa kinaniuma kwa hasira. Wanafunzi watatu, na wote watatu wamenitia wazimu kabla ya adhuhuri. Niliwapa kinywa kimoja cha plasta. Taya la juu, meno manne ya mbele hayapo, magego mawili ya kulia hayapo. Nikasema nichoreeni sahani ya meno ya kuvua na kuvaa. Sahani inaanzia wapi, inaishia wapi, kulabu za waya zinashika jino gani, na kwa nini. Basi. Penseli na karatasi.

Usi kachora kulabu moja. Moja! Sahani nzima inaning'inia upande mmoja kama kanzu kwenye msumari. Nikamuuliza mgonjwa akipiga chafya itakuwaje. Akafikiri sana, akasema atashika mdomo. Ame yeye kachora kulabu kwenye kila jino lililobaki. Nikamwambia hayo si meno ya bandia, hilo ni dema la kuvulia samaki. Wenzake wakacheka, na mimi nikazidi kukasirika, maana sikusema wacheke.

Na Hamad. Huyu ndiye aliyeniudhi zaidi, kwa sababu mchoro wake ulikuwa mzuri. Kulabu mbili, mahali pake. Vimiguu vya waya vinavyokalia magego ili sahani isizame kwenye ufizi. Mistari safi. Nikamuuliza: huyu mtu ni nani? Akasema, mtu gani, Maalim? Nikamwambia mwenye kinywa hiki. Mwanamke au mwanamume? Anatafuna tambuu? Ananadi samaki sokoni? Anaadhini? Akaitazama plasta kana kwamba plasta itamjibu.

Nikawaambia ninalowaambia kila mara. Sahani haichorwi kwa macho peke yake. Mtu akiingia, msikilize kwanza anavyosema, kwa sababu ulimi wake una mahali unapogusa tangu udogo wake, na wewe unakwenda kuweka ukuta pale pale. Wakaandika. Wanaandika kila kitu hawa, na hawasikii hata kimoja.

Jumatano, 7 Machi

Dokta Harvey katuita ofisini. Dokta ndiye mkubwa wa kliniki, na mimi ndiye ninayefundisha, na tofauti yetu ni kwamba yeye anaamua na mimi ninaeleza kwa nini kaamua vizuri.

Sahani zinavunjika. Kweli zinavunjika. Watu wanazivua wakitaka kusukutua wakitia udhu, zinateleza mkononi, chini ni saruji. Kila wiki mtu analeta vipande viwili ndani ya leso. Dokta kauliza kwa nini wasisukutue nazo mdomoni. Nikamweleza. Akasema haidhuru, basi kuanzia leo kila sahani itatengenezwa kwa tabaka mbili za nta badala ya moja, kaakaa lote, kila mgonjwa. Nene. Haitavunjika.

Haitavunjika, hapana. Hata jiwe la kusagia halivunjiki, lakini nani analitia mdomoni?

Nilimwambia unene uwekwe nyuma, na mbele tupitishe waya ndani, tuache pembamba, maana nyuma ya meno ya mbele ndipo ulimi unapofanya kazi. Akasema mtahini anakuja kutoka bara mwezi ujao na anataka kuona darasa linalofuata utaratibu mmoja. Akaniuliza kama nimefahamu. Nikasema ndiyo, bwana. Miaka yote hii, na neno langu kubwa ni ndiyo, bwana. Nimeandika hapa kwa kuwa kule sikusema.

Jumanne, 13 Machi

Wagonjwa wa mtihani wamegawanywa, mmoja kwa kila mwanafunzi. Usi kapata mpishi wa mtaa wa Kiponda. Ame kapata mzee mmoja, kiziwi, raha tupu. Hamad kapata Bi Mwanapili.

Bi Mwanapili nani asiyemjua mjini. Kawasomesha msahafu watoto wa nyumba nyingi, na kila Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, wanawake wanajaa ukumbini kwake wanasoma juzuu kwa juzuu, yeye anaongoza. Mke wangu Mwatima huenda. Mkali. Herufi ikikosewa, kidole kinagonga mkeka. Mwaka jana wakati wa masika alianguka ngazini mwake, zile ngazi za mawe zilizosimama kama ukuta, meno manne ya mbele yakaenda. Tangu hapo anasoma kwa shida. Herufi za the na dhali zinataka ncha ya ulimi iguse ncha ya meno ya juu, na meno hana. Wanawake wamemvumilia, wanasema Bi Mwanapili mgonjwa. Ramadhani ya mwaka huu hawatamvumilia tena. Wanaye Bi Sichana tayari, sauti nzuri, meno yote.

Kwa hiyo hili si jambo la uzuri wa sura. Nikamwambia Hamad hivyo kabla hajaingia. Nikamwambia huyu anataka the yake na dhali yake, mengine yote mapambo.

Nini kimetokea? Hamad alisoma kwake tangu alifu! Bi Mwanapili kaingia na buibui lake, kauvuta ukingo mdomoni, kakaa kwenye kiti. Hamad kambusu mkono, shikamoo Mwalimu, kisha kainamisha kichwa, na kichwa hakikuinuka tena. Kapima kinywa cha mtu akitazama viatu vyake! Samahani Mwalimu, samahani Mwalimu, kila akisogeza kidole. Plasta imemwagika kidevuni. Kipimo kikatoka bila magego ya nyuma. Nikamwambia nje, kwa sauti ya chini ili bibi asisikie, kwamba daktari hatibu mtu asiyemtazama. Akasema, "Ndiyo, Maalim." Macho chini, kwangu pia. Kesho kutwa atarudia, na mimi sitakuwepo.

Alhamisi, 15 Machi

Kijijini Paje siku nzima, kung'oa meno. Gari limeharibika njiani, tumefika watu wamechoka kungoja, kila mmoja ana jino bovu na la kusema.

Mzee mmoja kanionyesha sahani aliyotengenezewa kwetu kliniki. Kaitoa mfukoni. Nikamuuliza kwa nini haivai. Akasema huvaa arusini. Akila anavua, akisema anavua. Nikamwambia basi arusini unafanya nini? Akasema nakaa, natazamwa. Watu wakacheka sana, na yeye pia. Nilicheka nao. Njiani kurudi sikucheka tena. Nene kama kigae cha chungu, ile sahani, na ilikuwa ya tabaka moja!

Jumatano, 21 Machi

Bi Mwanapili kaja kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta. Hapa ndipo mahali pa kurekebisha. Nta inakatwa kwa kisu, jino linasogezwa kwa kidole. Ikishapikwa, plastiki ikaingia mahali pa nta ikawa ngumu, kila kitu ni tupa na majuto.

Hamad kayaweka mdomoni. Yamekaa, hayachezi. Kipimo cha pili kilikuwa safi. Kauliza, "Vipi, Mwalimu?" Bi Mwanapili kaomba dua fupi ya kushukuru, nusu kwa sauti, ukingo wa buibui mdomoni. Kisha kasema mazuri mwanangu, Mungu akubariki. Dokta alikuwa amesimama dirishani. Nikauliza mimi pia: Bi Mwanapili, hayakukeri? Akasema hayanikeri, nimeridhika. Basi yakaenda kupikwa.

Tabaka mbili. Niliziona. Nilizishika kwa mkono wangu.

Jumamosi, 31 Machi

Sahani ya Hamad imekamilika, imesuguliwa inang'aa, kapewa Bi Mwanapili kaondoka nayo. Kabla ya hapo Dokta kaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kaizungusha, kasema hii ndiyo mtahini ataonyeshwa kwanza. Hamad akifaulu atabaki kliniki. Asipofaulu atarudi dukani kwa ami yake kupima unga, na yeye mwenyewe kaniambia zamani kwamba afadhali afe.

Kulabu zake nzuri mno. Siwezi kusema vingine.

Jumatatu, 2 Aprili

Sijala. Mwatima kapakua wali nikauacha.

Kaanza yeye, akikuna nazi, bila kunitazama. Kasema leo walikwenda kwa Bi Mwanapili kupanga darsa ya Ramadhani, na Bi Mwanapili hakusoma. Kavaa meno, mazuri, kama msichana. Lakini ilipofika zamu ya kufungua, kamsukumia msahafu Bi Sichana. Soma wewe, leo kifua kinanibana. Bi Sichana kasoma. Herufi moja kaikosea, na kila mtu kaisikia, na kidole cha Bi Mwanapili kilinyanyuka, kikarudi mapajani bila kugonga.

Nikasema labda kweli kifua. Mwatima kasema, "Baba Mwatum, mie si mtoto. Nlikaa karibu yake. Alijaribu peke yake, polepole. Sauti imekwama mdomoni kama mtu anayetafuna pamba."

Nikauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Kanitazama kama nimeuliza kwa nini hakuna aliyempiga kofi. Mwishowe kasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hilo lilinilenga mimi, si Bi Mwanapili.

Jumanne, 3 Aprili

Nimekwenda nyumbani kwake baada ya kazi. Zile ngazi! Nimezipanda nimeshika ukuta.

Shikamoo Bi Mwanapili. Marahaba, karibu Bwana Machano, Mama Mwatum hajambo? Hajambo. Kaniletea kahawa na mkate wa ufuta. Meno kayavaa, kwa heshima yangu bila shaka, maana bakuli la maji lilikuwa juu ya kasha, meno hayamo, na nyumbani kwake hayo meno yanaishi bakulini. Nimesikiliza kama ninavyowafundisha wale wajinga watatu kusikiliza. Sini yake inateleza. Dhali imezama kabisa. Ulimi unakwenda pale unapokwenda tangu utotoni, unagonga ukuta, unarudi.

Nikasema, "Bi Mwanapili, meno yanakukera."

"Hata. Yamenikaa."

"Nambie kweli."

"Nshakwambia kweli. Kunywa kahawa, itapoa."

Nikajipa moyo. Nikamwambia nisomee aya moja tu, nisikie. Akaweka kikombe chini. Akauliza, bila hasira hata kidogo, "Wewe, Machano, unanitahini mie?"

Na mimi, niliyepiga kelele darasani, niliyemwambia Hamad kwamba daktari hatibu mtu asiyemtazama, nimetazama mkeka! Nimehesabu miraba ya mkeka kama mtoto aliyeshindwa kusoma. Sikuweza kuinua uso. Hasira niliyonayo sasa nusu yake ni hiyo.

Kisha kasema polepole, kila neno likipigana na sahani. Kasema Hamad nlimshika mkono kwenye alifu, mtoto hana baba, anatetemeka. Sasa namshika mkono tena. Wakubwa zake wakiniuliza ntasema nimeridhika. Akishafaulu ntayatia bakulini, ntayavaa Idi. Nikamwambia na darsa je? Kasema Sichana anasoma vizuri. Kalisema vizuri sana hilo, halina dhali ndani yake.

Kwa hiyo atampa Bi Sichana mkeka wake ili Hamad asirudi kupima unga. Na hatamwambia Hamad. Kahawa sikuimaliza.

Alhamisi, 5 Aprili

Nimejifungia na Hamad ndani ya chumba cha plasta. Usi na Ame nimewatoa nje, na najua walisikiliza mlangoni, na wafaidike.

Nikamwambia mwalimu wako hasomi. Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka. Alisimama ameshika tupa mkononi. Nikamuuliza, ulijua?

Akasema, "Nlijua, Maalim."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya nta. Alipoomba dua. Nliisikia dhali haikutoka."

Alisikia! Mwezi mzima nawaambia sikilizeni, sikilizeni, na huyu kasikia! Kisu cha nta kilikuwa mkononi mwake! Nikamuuliza kwa nini hakukata, kwa nini hakusema. Akanijibu kwa swali. "Nimwambie mwalimu wangu kakosea herufi?"

Nilishika kitu kilichokuwa karibu nikakitupa ukutani. Ilikuwa plasta ya mzee kiziwi wa Ame, imevunjika vipande, nitalazimika kumwomba Ame radhi. Nikamwambia Hamad maneno mengi. Kwamba hakukosea yeye, umemkosesha wewe. Kwamba heshima si utumwa. Kwamba umemstahi mpaka umemziba mdomo. Alilia bila sauti. Hakusema Dokta ndiye aliyeamuru tabaka mbili. Angeweza kusema, na angesema kweli, na ningejibu nini mimi?

Mwishowe nilichoka. Nikamweleza inavyorekebishwa, kama somo la kawaida. Nyuma ya meno ya mbele unapunguza mpaka pawe pembamba, kulabu na nyuma usiguse. Ncha za meno unaziinua kidogo, kidogo sana. Lakini huwezi kukata gizani. Lazima asome, utazame ulimi unagonga wapi, ukate, asome tena. Lazima umtazame mdomoni akisoma. Hakuna njia nyingine duniani.

Akasema, "Siwezi, Maalim." Nikamfungulia mlango akaenda zake.

Ijumaa, 6 Aprili

Nimemwambia Dokta kwamba sahani ya Hamad inataka kupunguzwa mbele. Kwa mara ya kwanza nilisema yote, hata la tabaka mbili, hata kwamba nilimwonya. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mgonjwa amelalamika? Nikasema hapana. Amesema ameridhika? Nikasema ndiyo. Basi nini shida, Machano?

Sahani isiguswe kabla ya mtihani. Amri. Ikipunguzwa mbele itavunjika na aibu itakuwa ya kliniki.

Sikusema ndiyo, bwana. Sikusema kitu, lakini ni mwanzo.

Jumatatu, 9 Aprili

Mwatima kasema limeamuliwa. Mwezi ukiandama, darsa kwa Bi Sichana. Hakuna aliyelisema mbele ya Bi Mwanapili. Yeye mwenyewe kapeleka mikeka yake mikubwa miwili, eti kwake ukumbi unavuja. Ukumbi hauvuji! Nimekaa ndani yake wiki iliyopita, dari kavu kama unga. Mji mzima unadanganyana kwa upole, kila mtu anamfunika mwenzake, na mwisho wake bibi wa watu atakaa peke yake alasiri ya Ramadhani akiwasikiliza wanawake wanapita chini ya dirisha lake kwenda kwingine.

Mwezi unaweza kuonekana Jumatano jioni. Mchana wa saumu hatakubali mtu amtie mkono mdomoni, tupa na vumbi na maji. Na ana haki. Ikifika Idi, mkeka utakuwa umeshapata mwenyewe.

Hamad kaja darasani. Hakuchora kitu.

Jumanne, 10 Aprili

Nimemwomba Ame radhi kwa ile plasta. Kasema si kitu, Maalim, alikuwa na nyingine. Alitengeneza mbili tangu mwanzo kwa sababu ananijua hasira zangu. Hili nalo limenikasirisha.

Jumatano, 11 Aprili

Naandika nimekaa kwenye kiti kibovu nje ya chumba cha mtihani, daftari juu ya goti. Niandike haraka.

Mtahini ni mtu mrefu, mpole, kila kitu anasema kizuri. Kaanza na Usi, kulabu mbili leo, namshukuru Mungu. Ame kwa kiziwi wake, sawa. Kisha Hamad. Bi Mwanapili kitini, buibui jipya, kaingia na meno mdomoni. Mtahini kaitoa sahani, kaitazama kila upande, kairudisha. Kasema kazi nzuri sana. Dokta kanitazama. Unaona?

Kisha mtahini akataka kumuuliza mgonjwa kama anasema vizuri nayo. Hajui Kiswahili. Dokta akamwambia Hamad afasiri. Hamad akafasiri, uso chini. Bi Mwanapili hakungoja hata amalize. "Mwambie nimeridhika, alhamdulillahi."

Hamad hakufasiri. Mtahini anangoja. Dokta akakohoa. Nilikuwa nyuma yao. Kusema kulikuwa rahisi sana! Neno moja la Kiingereza na kazi ni yake.

Akasema kwa Kiingereza chake cha skuli, polepole, kwamba mgonjwa anasema ameridhika. Kisha akasema, mimi sikuridhika. Hawezi kusoma nayo. Mimi nilijua.

Dokta kageuka mwekundu. Kasema mtihani utasimama kidogo wanywe chai, kazi itahesabiwa kama ilivyo, na mtu asiguse kitu. Mtahini akasema labda, labda, akamfuata. Wakashuka ngazi. Usi na Ame nimewaambia nao waende wakanywe chai, na hawanywi chai, wamesimama mwisho wa varanda.

Bi Mwanapili alikasirika. Nilimwona nikafurahi, maana ndiye yule wa siku zote. Akamwambia Hamad, "Umenifanya muongo mbele ya watu." Niliona Hamad anatafuta mahali pa kuweka macho. Miguuni mwake, dirishani, kwenye meza ya vyombo. Kisha kafanya jambo ambalo sikumfundisha. Kalivua koti lake jeupe, kaliweka kitini. Kakaa chini. Sakafuni, miguu kaikunja, mbele ya magoti ya Bi Mwanapili, kama mtoto wa chuoni anayesoma msahafu. Na mtoto wa chuoni anatazama wapi? Nimesahau vipi mimi? Sote tulikaa hivyo. Mtoto wa chuoni anautazama mdomo wa mwalimu wake, na asipoutazama anagongwa!

Kauinua uso. Kasema, "Mwalimu, nifundishe dhali. Nimeisahau."

Bi Mwanapili kamtazama. Mkono ulioshika ukingo wa buibui ukashuka. Ukingo ukaanguka begani. Kasema, "Tazama ulimi wangu." Kama alivyomwambia zamani, bila shaka. Kama walivyotuambia wote. Akaitoa dhali, ikagonga ukuta, ikafa. Hamad kasema, "Hapo, Mwalimu, nimeona." Akanyoosha mkono, na yeye mwenyewe Bi Mwanapili kaitoa sahani akampa.

Hapo ndipo nilipotoka nikafunga mlango, nikakaa. Kama kuna aliyevunja amri, na mimi nimeivunja.

Nasikia tupa. Inakwenda polepole, mtoto ana mkono mzuri. Inasimama. Maji. Kimya. Kisha sauti ya bibi, herufi moja. Bado. Kidole kinagonga mbao ya kiti, bado, rudia. Sijui anamgongea Hamad au anajigongea mwenyewe. Tupa tena. Ikitoboka, basi. Amri ya Dokta nayo ina ukweli wake, pembamba huvunjika, na chini ni saruji. Nimemwambia apunguze mpaka aone mwanga wa dirisha unapita, asizidi. Natumaini alisikia hilo.

Tena sauti. The imetoka. Hiyo the, naiapia! Dhali bado, lakini imo njiani, ina ncha sasa.

Usi kanipungia mkono kutoka mwisho wa varanda. Viatu ngazini, jozi mbili. Dokta anasema kitu na mtahini anacheka kwa adabu. Kiti changu kimeziba mlango. Mimi mzito, sijawahi kulifurahia hilo mpaka leo. Ataniambia inuka, Machano.

Ndani tupa imenyamaza. Bi Mwanapili kakohoa, kaweka sauti sawa. Anaanza tena kusoma, tangu mwanzo, kwa sauti yake ya ukumbini, ile ya Ramadhani.